Dola Aliyoisugua Mama

Mama yangu alisugua sarafu asubuhi nne mfululizo nyuma ya jiko, na mimi nilikuwa ndani ninanyonyesha, nimefurahi. Nilisikia majivu yanakwaruza, nikasikia maji yanamwagwa, kisha anaanza upya. Nikamwambia mwanangu, aliyekuwa na siku mbili duniani, "Unasikia? Bibi yako anakuandalia dola yako."

Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo panaponiuma. Watu wa Naipingo, kijiji chetu cha Nachingwea, wanadhani nina ugomvi na mjomba. Mjomba simuwazi. Namjua tangu nikiwa mdogo, ukimwazima kiberiti hesabu umempa. Ninayemuwaza ni yule aliyekuwa anasugua.

Dola yenyewe ilikuja kwetu kupitia bibi, mama yake mama. Bibi alifua mashuka ya hospitali ya misheni tangu usichana wake mpaka mgongo ukakataa. Kulikuwa na sista mmoja Mmarekani, muuguzi, mrefu, ambaye bibi alisema alitembea kama mtu anayefukuza kuku. Siku anarudi kwao hakumpa bibi kanga wala rozari kama wenzake walivyopewa. Alimpa sarafu moja kubwa iliyokuwa ndani ya bahasha ya bluu. Baba yake sista ndiye aliyeituma kwa posta kutoka Marekani. Akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba hii si ya kununulia kitu, hii ni ya kukumbuka.

Bibi hakuwa amewahi kusikia hela ya kukumbuka. Alisema alikaa nayo wiki nzima hajui aiweke wapi, maana mahali pa hela ni kwenye pindo la kanga na mahali pa picha ni ukutani, na hii ilikuwa vyote viwili.

Upande mmoja kuna kichwa cha mzee mwenye upara. Upande wa pili kuna tai anatua kwenye ardhi yenye mashimo mashimo, kucha zimeshika tawi, na nyuma yake juu kuna mpira mdogo. Bibi alitufundisha kwamba ile ardhi ni mwezi na ule mpira ni dunia.

"Sisi wote tumo humu," anasema, anaugusa kwa ukucha. "Na Naipingo imo."

Mama anadakia kutoka jikoni: "Na mbuzi wa jirani wanaokula mbaazi zangu wamo?"

"Wamo. Wameonekana mpaka mwezini."

Mama alipozaliwa, yeye akiwa mtoto wa kwanza wa bibi, ndipo ile sarafu ilipopata kazi. Siku kitovu kinapodondoka na mtoto anatolewa nje mara ya kwanza, wanawake wengine waliweka shilingi ya kawaida kwenye maji ya kumwogeshea, au hawakuweka kitu. Bibi aliweka dola. Mtoto akishaoga, dola ilifungwa kwenye kitambaa cheupe, ikazungushwa kiunoni pamoja na shanga, tai amelalia ngozi, mpaka jua liingie. Kisha inarudi kwa bibi. Watoto wa kike tu. Padri alipolisikia jambo hilo hakulipenda. Bibi akamwambia, "Baba, hii nimepewa na sista."

Mama alifungwa. Mdogo wake wa kike, ambaye sasa ni marehemu, alifungwa. Mimi nilifungwa. Hatukuwa watu wa mali, hatukuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma wala ng'ombe, lakini wasichana wa kwetu walikuwa wameguswa na mwezi na walijua hivyo. Nilipobeba mimba nilitaka kitu kimoja tu: binti yangu aguswe na sarafu ile ile iliyonigusa mimi. Si inayofanana nayo. Ile.

Bibi alikuwa na desturi ya kuisugua kwa majivu na ndimu kabla ya kila mtoto, mpaka ing'ae kama kijiko kipya. Aliisugua hata pale ambapo hapakuwa na mtoto, Pasaka na Krismasi. Miaka yote hiyo ya majivu ilimnyonyoa yule tai. Kifua chake kilikuwa laini, manyoya yamebaki kwenye mabawa tu. Nilipokuwa darasa la kwanza nilidhani ndivyo tai walivyo.

Nilipokuwa kidato cha pili, mjomba alikuwa Namungo anabeba viroba vya mawe kwenye machimbo ya dhahabu. Ni mdogo wake mama kwa kuzaliwa, lakini kwetu Wamwera mjomba ni mjomba, hata kama dada yake ndiye aliyemfundisha kuvaa suruali. Akaja na wazo kwamba dola ikapimwe. Bibi alikataa mara tatu. Mara ya nne akakubali kwa sharti kwamba haitoki machoni pake, na mimi niende naye kwa sababu ninasoma.

Mnunuzi wa dhahabu alikuwa kijana mwenye mzani mdogo kwenye meza, na watu wamejaa mlangoni wanabishana kuhusu mechi ya jana. Aliipima dola ikiwa kavu, akaipima tena inaning'inia kwenye kikombe cha maji, akapiga hesabu kwenye simu.

"Bibi, fedha imo," alisema. "Si tupu, imechanganywa, lakini imo. Tazama ukingo wake ulivyo mweupe wote. Ingekuwa ya shaba ungeona mstari wa kahawia katikati, kama mkate uliopakwa jamu."

Mjomba akasogea. "Bei?"

Bibi akamgeukia. "Bei ya nini? Mimi nimekuja kupima kama mtu anavyopima malaria. Ukipima malaria unauza damu?"

Mlango mzima ulicheka. Mjomba hakucheka. Tangu siku ile akawa anasimulia kila anapokaa habari za watu waliouza sarafu za zamani wakajenga. Hakuna hata mmoja aliyemjua kwa sura. Ni mtu wa Masasi, ni mtu wa Lindi, ni shemeji ya fulani. Kila aliyesimuliwa akawa na mwingine wa kumsimulia.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha nne. Siku chache kabla, aliniita mimi, mama na mjomba. Akatoa dola chini ya mto, akamwekea mama kiganjani, akamfunga vidole yeye mwenyewe kimoja kimoja.

"Hii ni ya wasichana," akasema, lakini alikuwa anamtazama mjomba.

Mjomba akasema, "Sawa mama." Mama akasema, "Sawa mama." Mimi nilikuwepo. Nilisikia sauti zote mbili.

Baada ya shule niliolewa Ruangwa, kwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole, hana makosa katika habari hii. Mimba ilipofika mwezi wa nane nilirudi Naipingo kwa mama, maana mtoto wa kwanza kwetu hazaliwi ugenini. Mama alinipokea kwa uji wa ulezi na kelele. Alinifulia. Alinikanda miguu. Ukiniuliza kama alinipenda miezi ile, nitakwambia alinipenda, na hilo ndilo linalonifanya nitake kuvunja sahani.

Sikuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo nikawa nasoma kwenye simu. Nilitaka siku moja nimwambie mwanangu habari ya dola yake kwa ukamilifu, si kwa hadithi za bibi peke yake. Bando lilikwisha, nikanunua lingine.

Nilisoma kwamba neno dola lilianzia kwenye bonde moja la Ulaya ambako watu walichimba madini ya fedha, kama watu wanavyochimba dhahabu Namungo. Wakatengeneza sarafu, wakaziita kwa jina la bonde lao, jina likasafiri likivunjika vunjika midomoni mwa watu mpaka likafika Marekani na kwetu. Wamarekani walikuwa na dola za fedha kweli kweli kwa zaidi ya miaka mia. Kisha wakaacha kuzitengeneza. Fedha ikapanda bei, watu wakawa wanazificha kabatini.

Halafu, katika mwaka mmoja, yalitokea mambo mawili. Yule mzee mwenye upara, aliyekuwa jenerali wa vita na baadaye rais wao, alifariki. Na watu wakatembea mwezini. Wakaamua kuwakumbuka wote kwenye sarafu moja, mzee mbele, mwezi nyuma. Yule tai alitoka kwenye nembo ya safari ile. Nilisoma kwamba wakubwa wa serikali waliogopa tai akionekana mkali mataifa mengine yatachukia, kwa hiyo mchongaji akampa uso wa upole. Nilicheka mpaka mtoto akapiga teke. Bibi siku zote alisema tai huyu ana sura ya mtu anayeomba chumvi.

Sasa wakagombana bungeni kwao: sarafu iwe na fedha au isiwe nayo? Wakamaliza ugomvi kwa kutengeneza aina mbili zenye sura moja. Ya watu wote ilikuwa na shaba katikati na weupe wa nikeli juu. Hiyo ndiyo iliyotoka benki, na watu hawakuipenda, nzito, inatoboa mifuko, ikaishia kwenye mashine za kamari. Ya pili ilikuwa na fedha. Hiyo haikutoka benki. Wakusanyaji waliiagiza kwa posta, na wakaletewa kwenye kasha la kahawia au, ile ya bei nafuu zaidi, kwenye bahasha ya bluu.

Bahasha ya bluu! Mchwa waliila zamani, lakini bibi alikuwa hamalizi kuitaja. Nikasoma zaidi: zile za fedha zina herufi ndogo ya S chini ya shingo ya mzee, kwa sababu ya mji zilikotengenezwa. Herufi ile nilikuwa naijua. Nilipoanza kusoma nilidhani ni S ya sista.

Nikamwita mama. "Mama, lete dola nikuonyeshe kitu."

Alikuwa anapepeta mchele. Mikono ikasimama kidogo tu. "Dola haitolewi kabla ya siku yake."

"Bibi alikuwa anatuonyesha kila Krismasi."

"Bibi yako alikuwa bibi yako. Mimi nasema subiri."

Nikasubiri. Niliona ni heshima ya jambo. Kesho yake nikamsomea habari zote hizi, za bahasha, za ukingo mweupe, za herufi S, nikamsomea kwa furaha kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani amefaulu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Kwa hiyo mtu akiitazama tu anajua?"

"Anajua palepale mama! Ukingo tu unatosha."

Akasema, "Haya," akaenda kuchota maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Binti yangu alizaliwa salama katika zahanati. Siku ya pili mama akaanza kusugua.

Kitovu kilidondoka siku ya tano jioni, na kesho yake asubuhi wanawake wakaja. Walikuwa kama kumi, majirani na watu wa jumuiya ya kanisani. Alikuwepo pia mama mmoja wa Kisukuma, familia yao ilihamia karibuni na ng'ombe, ameleta maziwa kwenye kibuyu na hajui kinachoendelea, anauliza kila kitu kwa sauti kubwa. Mjomba naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti nje na shati la kanisani, maana mjomba ndiye anayempokea mtoto mlangoni.

Mama akaleta beseni. Maji yalikuwa na majani ndani yake, na dola chini, imelala tai juu. Wanawake wakapiga vigelegele. Kazi ya kuitoa ni ya mama wa mtoto. Nikaingiza mkono.

Kabla sijaitazama, kidole kilijua. Kifua cha tai kilikuwa na manyoya. Manyoya makali, yamekatwa katwa na mikwaruzo ya majivu, lakini yapo. Bibi alimnyonyoa yule ndege kwa miaka zaidi ya thelathini na leo kaota upya. Nikaigeuza kwa ubavu. Ukingoni palikuwa na mstari wa kahawia, umezunguka sarafu yote. Nikaitazama shingo ya mzee. Palikuwa na D.

"Mama," nikasema. "Hii nini?"

"Dola."

"Dola ya nani?"

"Mwanangu, maji yanapoa."

"Maji yapoe. Dola ya bibi iko wapi?"

Vigelegele vikakatika vipande vipande, kama vinavyokatika watu wakiona nyoka, wa nyuma wakiwa bado wanaendelea. Mama yangu hakunitazama. Alitazama mlangoni, kule alikokaa mdogo wake. Hapo ndipo nilipojua, na sikuwa nimeambiwa chochote bado.

Mjomba akasimama. "We mtoto, umesoma simu sasa unataka kutufundisha vitu vya ukoo? Si kichwa kile kile? Si tai yule yule? Mwaka wenyewe si ule ule? Soma hapo, sabini na moja!"

"Mwaka ni ule ule kwa sababu mliutafuta ufanane," nikamwambia. "Ilikuwaje? Sema, mashahidi wapo."

Alikuwa na kiburi cha kutosha kusema. Pengine alidhani akieleza vizuri tutampongeza. Baada ya bibi kufariki, alikuja mtu kutoka Dar anayezunguka vijijini akinunua rupia za Mjerumani na sarafu za zamani. Mjomba akamleta kwa mama. Yule mtu akaitazama dola kwa kioo, akaipiga picha, akaondoka. Baada ya miezi mitatu akarudi na hii. Akasema nyumba isibaki tupu, wasichana wenu watakuwa na ya kuogea. Na bei haikuwa ya kujenga. Alimwambia mjomba kwamba wakusanyaji hawataki sarafu iliyosuguliwa, kwamba yule bibi aliiharibu kwa majivu, kwa hiyo analipa uzito wa fedha tu. Mjomba akachukua hicho alichopewa, akakitia kwenye shimo la Namungo. Shimo lile mpaka leo linatoa maji.

Kama unaniuliza, huyo mtu wa Dar simlaumu sana. Hakuwa na kwao pale. Alikuja kama mnunuzi na akafanya ununuzi wake. Mimi nilishika neno moja tu katika maelezo yote. Miezi mitatu. Sarafu ilipigwa picha, ikarudi kabatini, na kwa miezi mitatu mama alijua kwamba kuna mtu mahali anamtafutia ya kunidanganyia. Krismasi ya mwaka ule nilikuwa nyumbani, nimemaliza shule. Nililala naye kitanda kimoja. Tulikaanga maandazi.

"Mama, ulijua?"

Akainamia beseni, akaanza kukusanya majani.

"Sikuulizi mjomba. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Ni ndugu yangu," akasema. "Angeichukua tu."

"Angeichukua, ungelia, tungelia wote, ningeshika mkono wako. Wewe ulipokea hii."

"Sikutaka ujue."

"Ndiyo maana ulikuwa unasugua?"

Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. Mikono yake ilikuwa bado ina weupe wa majivu kwenye mistari ya viganja. "Ulinisomea kwamba ukingo unaonekana," akasema, taratibu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. "Nikasema nikisugua labda mstari utatoka. Haukutoka. Nikasema basi tai angalau afanane."

Mimi ndiye niliyemfundisha pa kuficha. Nilimsomea mwenyewe, kwa furaha yangu yote, nimekaa kitandani na tumbo langu.

Yule mama wa Kisukuma, ambaye alikuwa anamvuta jirani kanga ili atafsiriwe mambo, akauliza, "Sasa mtoto anaoga au haogi?" Akaendelea, "Kwetu wanaoga maji tu. Na wanakua."

Kuna mtu alicheka kwa nyuma, cheko fupi la woga. Nikaitupa ile sarafu uani, si kwa kumpiga mtu, niliitupa tu, kuku wakaikimbilia wakidhani ni mtama. Nikamwogesha mwanangu mimi mwenyewe. Maji yalikuwa yameshapoa kweli, akalia. Nikamfunga shanga bila kitambaa. Nikamtoa nje kwa mikono yangu. Mjomba alikuwa amenyoosha mikono mlangoni kumpokea, kwa sababu mila ni mila hata ukiwa mwizi. Nikapita pembeni yake. Nikasikia wanawake wanavuta pumzi. Kwetu hilo ni tusi ambalo halina jina, mtoto kumpita mjomba. Nalirudia kichwani nikiwa nafua na bado sijutii.

Wiki ile ile mume wangu akaja kunichukua kwa pikipiki ya kukodi, tukarudi Ruangwa.

Watu walikuja kunipatanisha. Katekista alikuja, akanikumbusha amri ya kuheshimu wazazi. Nikamkumbusha kwamba kwenye orodha ile ile kuna ya kutoiba na ya kutosema uongo, akanywa chai akaondoka. Rafiki yangu niliyesoma naye akaniambia, "Shosti, ni sarafu tu. Mlipigwa, basi." Sikugombana naye. Yeye hakuwepo bibi alipomfunga mama vidole.

Niliendelea kusoma, sasa kwa hasira. Nilijua kwamba zile za fedha zilitengenezwa nyingi mno, mamilioni, na hata ambayo haijasuguliwa haijengi nyumba ya mtu. Bibi hakuiharibu. Haikuwa na bei kubwa ya kuharibiwa. Kilichokuwa na bei kilikuwa kile alichokitia yeye, na hicho hakipimwi kwenye kikombe cha maji. Nikajua pia kwamba baadaye walitengeneza dola nyingine, rangi ya dhahabu lakini dhahabu haimo, na juu yake wakamweka msichana wa wenyeji wa nchi ile, ana mtoto mgongoni, amegeuza uso kutazama nyuma. Alitekwa utotoni, wakamuoza bila kumuuliza, kisha akawaonyesha njia wageni. Sasa wanamkumbuka kwa sarafu. Nao wenyewe wanasema watu hawaitumii, imekaa kwenye maghala, wanaotaka ni wakusanyaji. Nilimtazama muda mrefu yule dada. Nilitaka kumuuliza, nani wa kwenu alisimama anatazama wakati unachukuliwa, na alisema nini baadaye.

Mwezi uliopita mama alikuja Ruangwa. Hakupiga simu kwanza. Nilikuwa nachambua choroko mlangoni, nikamwona anashuka kwenye bodaboda na kikapu, amekonda. Mwanangu sasa anakimbia na anasema maneno mengi, nusu yake sijui kayatoa wapi. Mama akapiga magoti mbele yake pale pale kwenye vumbi, akatoa karanga, akaanza kumchekesha. Mtoto hana kinyongo, akamkalia mapajani.

Nilijisikia nalegea. Sitasema uongo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu siku ile ya beseni na yote yalikuwa yanayeyuka kwa sababu ya karanga. Nikaona kwamba ninachohitaji ni kidogo sana. Sihitaji sarafu, imeshakwenda. Sihitaji mjomba aje apige magoti. Ninahitaji mama aiseme mwenyewe, mara moja, kwa mdomo wake, bila mimi kumchimba.

"Mama," nikasema. "Mwambie mjukuu wako habari ya dola. Mimi ulinisimulia nikiwa umri huu huu. Msimulie na yeye. Nasikiliza."

Akanielewa. Niliona ameelewa. Akamgeuza mtoto wakatazamana, akamwanzia vizuri: sista mrefu, mashuka ya hospitali, bahasha ya bluu. Akamwambia kuna tai na kuna mwezi. Mtoto akanyoosha kidole juu, mchana kweupe, akasema, "Mwezi!" Mama akacheka, akamwambia habari ya mimi nilivyofungwa, nilivyolia, nilivyokuwa na miguu minene. Nilikuwa nimeacha choroko. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe, nasema kweli, nilikuwa nimeshasogeza kigoda ili akae vizuri.

"Iko wapi?" mtoto akauliza.

Mama akamfuta vumbi la karanga mdomoni. Akatazama kikapu chake. Akatazama barabara alikotokea.

"Ilipotea, mama," akamwambia mwanangu. "Dola ilipotea."

Nikainuka, nikamtoa mtoto mapajani mwake. Akalia, anataka karanga. Nikamwambia mama bodaboda za Nachingwea zinapita hapo kwenye kona, na asichelewe, maana baada ya saa kumi hazipatikani.